Leseni ya makazi au hati miliki: mtaa uliojengwa kabla ya kupimwa uchague kipi?

Mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya ilijengwa kwanza ikaja kupimwa baadaye, na mingine haijapimwa hadi leo. Wakazi wake walinunua ardhi kwa karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakajenga, wakavuta umeme na maji, na sasa wanatakiwa kuamua ni kwa njia ipi milki zao zitatambuliwa. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, imewawekea njia mbili. Ya kwanza ni leseni ya makazi, inayotajwa katika kifungu cha 23. Ya pili ni urasimishaji, yaani kuupanga na kuupima kwa pamoja mtaa uliokwisha kujengwa, unaoelezwa kuanzia kifungu cha 56 hadi cha 60, ambao kwa kila kaya huishia kwenye hati miliki iliyosajiliwa.

Katika mikutano ya mtaa njia hizi hulinganishwa kwa gharama, kwa muda wake na kwa namna zinavyopokewa benki. Mambo hayo ni ya lazima na nitayafikia. Liko lakini swali jingine ambalo kwa maoni yangu linapaswa kuyatangulia yote: kila njia itauacha mtaa wenyewe katika umbo gani, barabara zitapita wapi, na gari la zimamoto au la kunyonya majitaka litaweza kufika nyumba zipi. Ninayoyaeleza yanahusu Tanzania Bara peke yake, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya umiliki wa ardhi ya mwaka 1992.

Sheria inavyoonekana barabarani

Dar es Salaam ni mji ambao sheria zake za zamani bado zinaonekana kwa macho. Kanuni za ujenzi za utawala wa Kijerumani za mwaka 1891 ziliugawa mji kwa kigezo cha aina ya nyumba iliyoruhusiwa kila upande, na Waingereza walipochukua utawala wakauendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu, huku eneo la wazi la Mnazi Mmoja likitenganisha mitaa ya Waafrika na sehemu nyingine za mji. Kanuni hizo zilizungumzia vifaa na viwango vya ujenzi, lakini matokeo yake yalikuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Baada ya uhuru lugha ya mipango ikawa ya ujazo, yaani wingi wa nyumba katika eneo: ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Ukilinganisha ukubwa wa kiwanja cha Oysterbay na cha Kariakoo utaona kwamba mstari uliochorwa na mkoloni haukufutika kwa kubadilishwa jina.

Hata hivyo Kariakoo ina funzo la pili. Ilichorwa kwa mitaa iliyonyooka, yenye viwanja vidogo vilivyokusudiwa kwa nyumba za Kiswahili za chini. Nyumba nyingi kati ya hizo zimeshabomolewa na mahali pake pamesimama maghorofa ya biashara, lakini barabara zimebaki zilipokuwa. Sheria iliyozichora ilikuwa ya kibaguzi na haistahili kutetewa, ila ile ardhi iliyotengwa kuwa njia ya umma imeendelea kuutumikia mji kwa karne nzima, ikipokea kwanza mikokoteni, kisha mabasi, na leo malori ya mizigo yanayoelekea Lubumbashi na Lusaka. Nyumba hubadilika kila kizazi, na barabara ikishakosekana ni vigumu mno kuipata tena.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Sinza na Manzese. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja na kuwekewa barabara kabla watu hawajajenga. Manzese, ambako watu walikuwa wameshajenga, iliboreshwa kwa kuongezewa barabara chache, maji na huduma nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na kundi la wanauchumi akiwemo Guy Michaels ulirudi kutazama maeneo ya aina hizi mbili katika miji saba ya Tanzania, na ukakuta kwamba yale yaliyopimwa kabla ya kujengwa yana nyumba bora na mpangilio mzuri zaidi miongo kadhaa baadaye, ilhali yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakuonyesha faida ya namna hiyo. Wakazi wa mitaa iliyokwisha kujengwa hawawezi kurudi nyuma wakawe Sinza. Wanachoweza ni kuchagua njia ya kisheria itakayookoa nafasi iliyobaki.

Leseni ya makazi: mtaa unaandikwa kama ulivyo

Leseni ya makazi hutolewa na halmashauri kwa mtu anayekalia ardhi ya mjini isiyopimwa, mradi ardhi hiyo isiwe ya hatari. Dar es Salaam ilianza kuzitoa kwa wingi mwaka 2004. Maofisa walitumia picha za setilaiti, wakapita nyumba kwa nyumba pamoja na viongozi wa mtaa, wakaandika jina la mkazi na mipaka kama majirani walivyoikubali, kisha wakaipa kila milki namba. Zaidi ya milki 200,000 zilitambuliwa kwa njia hiyo, ingawa sehemu kubwa ya wenye nyumba hawakwenda kuchukua leseni zao. Muda wa leseni ulianza ukiwa miaka miwili, na sasa kwa kawaida ni miaka mitano inayoweza kuhuishwa.

Uzuri wa leseni ni wepesi wake. Haihitaji mpimaji wa kuweka mawe ya mipaka, haihitaji mchoro wa mipangomiji, na jirani asiyetaka kushiriki hawezi kukukwamisha. Inaingiza jina lako kwenye kumbukumbu za halmashauri, inapunguza ugomvi wa mipaka, na siku serikali ikitwaa eneo hilo kwa ajili ya mradi, unakuwa na ushahidi rasmi wa kudai fidia. Kwa mjane ambaye shemeji zake wanamwambia nyumba ni ya ukoo, karatasi hiyo yenye jina lake inaweza kuwa ndiyo kinga yake pekee, na sipendi kuona inadharauliwa na watu ambao hawajawahi kuihitaji.

Udhaifu wake ni kwamba leseni hupiga picha ya mtaa, nayo picha haisogezi ukuta. Kama uchochoro wa kuelekea kwako una upana wa mabega mawili, baada ya leseni kutolewa utabaki vilevile. Hakuna ardhi inayotengwa kwa barabara, mtaro wa maji ya mvua, shule wala uwanja. Isitoshe, kila miaka mitano unarudi kuomba upya, na mtu asiyehuisha hujikuta amerudi pale pale alipoanzia. Ni haki ndogo inayotokana na mamlaka ya halmashauri, na haina nguvu ya haki iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Hati miliki kwa urasimishaji: mtaa unachorwa upya, au unapaswa kuchorwa

Hati miliki hutolewa kwa muda wa hadi miaka 99, na nyingi hutolewa kwa miaka 33 au 66. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini, kwa hiyo hata mwenye hati anamiliki haki ya kuitumia ardhi kwa muda na kwa masharti. Lakini ni haki nzito: imesajiliwa, inauzwa, inarithiwa na inawekwa rehani kwa utaratibu unaojulikana na kila benki.

Kwa mtaa ambao haujapimwa, njia ya kuifikia ni ndefu. Wakazi huunda kamati ya urasimishaji, huelimishwa, mipaka ya kila mmoja hutambuliwa, kisha afisa mipangomiji au kampuni binafsi huandaa mchoro wa mipangomiji unaoonyesha viwanja, barabara na maeneo ya huduma. Mchoro ukishaidhinishwa, wapimaji huweka mawe ya mipaka na ramani ya upimaji hupelekwa kuidhinishwa. Hapo ndipo kila mwenye kiwanja anapoweza kulipia tozo na kuomba hati yake.

Kiini cha ulinganisho huu kiko kwenye hatua ya mchoro. Sheria ya Ardhi inaruhusu mpango wa urasimishaji urekebishe mipaka ya viwanja na inataka wakazi washirikishwe, na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 ndiyo inayoupa mchoro nguvu ya kuamua matumizi ya kila kipande cha ardhi. Maana yake ni kwamba kwa siku chache, mezani, mtaa mzima unakuwa na uwezo ambao hautaupata tena kwa urahisi: wa kuamua kwamba huyu atatoa mita mbili za ua wake, yule atasogeza choo, na wa tatu atakatwa kona, ili gari lipite. Wakati huo ardhi hiyo haijasajiliwa kwa jina la mtu, na ubishi wake ni wa majirani wanaofahamiana. Hati zikishatoka, kila kipande ni milki iliyosajiliwa, na kupanua barabara kunakuwa suala la utwaaji wa ardhi, uthamini na fidia ambayo halmashauri nyingi hazina fedha ya kuilipa.

Hapa ndipo miradi mingi ya urasimishaji inapokosea. Wakazi huona kutoa ardhi bila malipo ni hasara, mjumbe wa kamati anaogopa kugombana na jirani, na kampuni iliyolipwa kwa idadi ya viwanja haina sababu ya kupoteza muda kwenye mabishano ya barabara. Mchoro unaishia kufuata uchochoro uliopo, mawe yanawekwa pembeni yake, na hati zinatolewa. Siiti hali hiyo nusu ya mafanikio. Hati bila barabara inaufungia mtaa ule uchochoro kwa kizazi kizima, na kwa umbo la mji ni mbaya kuliko leseni, kwa sababu leseni angalau inauacha mlango wa mazungumzo wazi.

Hati ina masharti pia, ambayo wengi huyasoma baada ya kusaini. Inataja matumizi ya kiwanja, na anayetaka kugeuza nyumba ya makazi kuwa gesti au bohari hulazimika kuomba mabadiliko ya matumizi. Kodi ya ardhi hulipwa kila mwaka, jambo ambalo hata mwenye leseni halikwepi. Kuna wanaoikimbia hati wakidhani itawaingiza kwenye kodi ya jengo. Hofu hiyo haina msingi tena, kwani tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia manunuzi ya umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, uwe na hati, leseni au karatasi ya mauziano tu.

Gharama, benki na majina mawili kwenye karatasi moja

Kwa gharama, leseni ni nafuu kwa mbali. Kwenye urasimishaji serikali, wakati William Lukuvi akiwa Waziri wa Ardhi, iliweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja katika michango ya upangaji na upimaji, lakini hiyo haikuhusisha tozo za hati yenyewe, na wapo wakazi wa mitaa mingi waliochangia kampuni ambazo hazikumaliza kazi. Fedha za umma zimeongezwa baadaye, ukiwemo mradi wa kuboresha usalama wa milki za ardhi kwa mkopo wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia, unaogharimia hati na leseni pia. Mtaa unaofikiwa na mradi wa namna hiyo una unafuu mkubwa, na kabla ya kuanza michango ni vyema kuuliza halmashauri kama upo kwenye mpango.

Kuhusu mikopo, baadhi ya wakopeshaji wamewahi kupokea leseni kwa mikopo midogo, ila muda wake mfupi unawapa shaka. Hati inapokelewa kila mahali. Lakini benki haikopeshi karatasi. Inaangalia kipato cha kulipia. Mfanyabiashara wa Tandale mwenye mauzo ya kueleweka atanufaika na hati, na mstaafu asiye na kipato cha kudumu asiichukue kwa matumaini ya mkopo, kwa sababu rehani ikishindwa kulipwa kinachouzwa ni nyumba.

Jambo la wenza linastahili kuangaliwa katika njia zote mbili, kwa sababu karatasi ikiandikwa jina moja, mara nyingi huwa la mume. Sheria ya Ardhi inamlinda mwenza, hasa kwenye nyumba ya familia, ambapo rehani huhitaji ridhaa yake, lakini jina lililoandikwa ni ulinzi wa moja kwa moja zaidi. Jaribio lililofanywa na watafiti katika mitaa isiyopimwa ya Kinondoni lilizipa kaya punguzo la bei ya hati, na baadhi yake zikapewa punguzo hilo kwa sharti kwamba mwanamke aandikwe kuwa mmiliki mwenza. Sharti hilo halikupunguza idadi ya waliotaka hati, na liliongeza sana kaya zilizoandika jina la mwanamke. Kamati ya mtaa inaweza kuweka nafasi ya majina mawili kwenye fomu tangu siku ya utambuzi, bila kungoja mtu aombe.

Pale ambapo hakuna karatasi inayosaidia

Kabla ya kulinganisha chochote, hakikisheni mtaa hauko ndani ya hifadhi, yaani ardhi iliyozuiwa kujengwa kandokando ya mto, ufukwe au barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe, na wakazi wa bonde la Msimbazi wanaijua maana yake. Hifadhi ya barabara ni suala jingine, tena lenye historia yake. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kibaha, nyumba nyingi zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, ambako hifadhi ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande kwa mujibu wa sheria za barabara za zamani, wakati wakazi wengi walikuwa wakifahamu vipimo vifupi zaidi. Walikuwepo waliolipa kodi na kuunganishiwa umeme kwa miaka mingi. Kuunganishiwa huduma si ruhusa ya kukaa, na wala leseni haihalalishi nyumba iliyo ndani ya hifadhi. Swali la hifadhi huulizwa kwa maandishi kwa mamlaka ya barabara na kwa halmashauri, na majibu yake hutunzwa.

Ninachopendekeza, kwa aina ya mtaa

Kwa mitaa ya pembezoni ambako nafasi bado ipo, kama sehemu za Goba, Kivule au Chanika, uchaguzi wangu ni urasimishaji na hati miliki, na ufanyike mapema. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 kwenye sensa ya mwaka 2022, na maeneo hayo ndiyo yanayopokea wanaoongezeka. Kila mwaka unaopita, kiwanja kimoja kinakatwa viwili na barabara iliyokuwa ikiwezekana inazibwa na msingi wa nyumba. Mtaa wa namna hii ukichukua leseni unapoteza muda wake bora.

Kwa mitaa iliyokwisha kubanana, kama Manzese, Tandale na Keko, nashauri leseni kwa kila kaya kwanza, pamoja na makubaliano ya njia chache tu: moja au mbili zinazopitika na gari na zinazofika katikati ya mtaa, pamoja na mtaro mkuu. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano na yapelekwe halmashauri ili vibali vya ujenzi visitolewe juu ya njia hizo. Ikiwa njia zitapatikana kweli, hatua ya hati ifuate. Ikiwa hazitapatikana, msikimbilie kuweka mawe ya mipaka kwa sababu tu kampuni imekuja na bei nzuri.

Kwa kaya moja inayotaka hati peke yake ilhali mtaa haujawa tayari, njia ni ngumu, kwa kuwa hati inategemea mchoro ulioidhinishwa wa eneo zima. Ni bora kaya hiyo itumie nguvu zake kuwashawishi majirani wa mtaa wake, na wakati huo ichukue leseni.

Na kwa kamati itakayochagua urasimishaji, jambo la kusimamia kwa ukali kuliko yote ni mpangilio wa malipo. Mkataba na kampuni ueleze malipo kwa hatua: sehemu mchoro unapobandikwa ofisi ya serikali ya mtaa ili kila mkazi auone, sehemu mchoro unapoidhinishwa, na sehemu ramani ya upimaji inapoidhinishwa. Michango ikae kwenye akaunti ya kamati yenye watia saini zaidi ya mmoja, na mkataba useme wazi kwamba jiwe la kwanza la mpaka halitawekwa kabla upana wa kila barabara haujaandikwa kwa mita kwenye mchoro na kupitishwa na mkutano mkuu wa mtaa.